Mwisho wa Nne

Mchezo una miisho mitatu, ndivyo kasha linavyosema.
Kasha lenyewe ni nakala ya nakala,
nililipata River Road kwa mia mbili,
na picha ya jalada imefifia
hata hujui kama yule mtu anatoka mlangoni
au anaingia.

Duka langu ni chumba cha chini, Zimmerman:
viti vinne vya plastiki, runinga mbili,
shilingi ishirini kwa nusu saa.
Wavulana huja kucheza mpira, hutukanana, huenda kulala.
Saa tano usiku tunabaki watatu,
mimi, na Kemunto anayesomea uuguzi,
na Okwemba, soja wa ploti ya pili,
ambaye hachezi. Huweka rungu magotini, akatazama.

Kisa ni hiki. Mpangaji anaamka usiku.
Mashine ya kushona inalia chumba cha mwisho.
Anakwenda. Ujia unarefuka.
Anakuta gauni la mtoto limeshonwa nusu,
sindano bado ina uzi.
Kisha ufunguo, kisha mlango,
kisha sauti inayosema sentensi moja tu
kwa lugha ya wenyewe.

Kemunto akatafsiri: "Amemfungia ndani."
"Nani kamfungia nani?"
Kemunto akafungua kinywa, akakifunga.
Kwa lugha ile mambo yalikuwa wazi,
mume mume, mke mke, kila mtu na nguo yake.
Kwa yetu, *a* ni yeyote na *m* ni yeyote,
wamejifunika koti moja gizani,
na wewe unapapasa vifungo.

Tukabishana wiki nzima.
Kemunto alishikilia kwamba hakuna mwanamke, hakuwahi kuwepo;
mtu huyu amejifungia mwenyewe.
"Nimewaona wodini," akasema, "hushona hewa kwa vidole."
Mimi nilisema ameua.
Ukichagua kuchoma gauni, anatabasamu,
na mtu asiye na hatia hatabasamu vile.
(Kweli ni kwamba napenda mambo yaishe,
nifunge duka.)

Okwemba akatuacha tuchoke.
"Ninyi hamjalinda usiku.
Huu mwaka wangu wa ishirini nasikia kitu nyuma ya ukuta.
Huendi kwa sababu ya wazimu, wala dhambi.
Unakwenda kwa sababu usipokwenda
asubuhi utaulizwa."

Ijumaa tukafika mwisho wa tatu.
Mpangaji hachomi kitu, hakimbii.
Anaketi kwenye mashine, anakunja mikono ya shati,
anaanza kushona pale uzi ulipoachwa.
Giza.

Tukangoja majina ya watengenezaji. Hayakuja.
"Amekufa," Kemunto akanong'ona, amekaba mkono wangu.
Nikasema, "Amelala."
Okwemba akawasha tochi, akamulika ukutani, mita ya stima:
sufuri, nukta, sufuri sufuri.

Tulicheka mpaka jirani akagonga dirisha.
Tokeni za hamsini, tarakimu ishirini,
nikazibonyeza moja moja kwa kidole kinachotetemeka.
Stima ikarudi, mchezo haukutukumbuka:
hakuna ujia, hakuna gauni. Anza upya.
Basi hadi leo hatujui
kama kilichoisha kilikuwa kisa
au pesa.

Lakini kuna kipande hatukukitia kwenye ubishi.
Kati ya giza na tochi, kwa pumzi mbili tatu,
runinga ikiwa imekufa kabisa,
mashine ilikuwa bado inashona.
Kemunto anasema ni juu, ni fundi Mutindi.
Mutindi alihama Februari.

Okwemba hakuchangia. Alichukua rungu, akapanda ngazi,
tukahesabu nyayo zake hadi ghorofa ya tatu,
kisha hatukuwa na cha kuhesabu.
Aliporudi alikuwa anafuta kiganja kwenye koti.
"Nimemfungia," akasema, akaketi.

Hatukuuliza nani.
Hatukuuliza kama ni ndani au nje.
Nilimpa Kemunto kidhibiti, naye akanirudishia.